Sifuri ya Mbele

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kuketi nasi tangu Jumapili, mimi ni mdogo wake marehemu, mdogo wake wa pekee kwa kuwa tumbo lile lilizaa wawili tu, na familia imenikabidhi kazi ya kuwasomea historia ya maisha yake, kazi ambayo nilijaribu kuikwepa kwa sababu ambazo mtazisikia kabla sijakaa. Nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini na miwili, nikisoma maandishi ya watu wengine na kuyatia wino mwekundu, kwa hiyo karatasi hii nimeiandika kwa uangalifu, tarehe zote nimezihakiki, na kama kuna kosa ndani yake basi si kosa la kalamu.

Juzi jioni wakubwa wa familia waliposoma nilichoandika, wapo walioshauri kwamba mambo mawili yaondolewe, tuseme tu kwamba alizaliwa, akasoma, akaolewa, akafanya kazi, akaugua na akafariki, kama wanavyosomewa marehemu wengine, tusije tukachokonoa vidonda mbele za watu. Mama yetu mzazi, ambaye ana umri wa miaka themanini na sita na ameketi hapa mbele yangu kwenye kiti cha bluu, aliomba asomewe yote, akasikiliza mpaka mstari wa mwisho, kisha akasema, "Soma hivyo hivyo." Kwa hiyo nasoma hivyo hivyo, na atakayeona haya avumilie, maana mwenye haya zaidi kuliko wote ni msomaji.

Dada yetu alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 5 Machi 1958, alfajiri, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga yenye vyumba vinne, akiwa mtoto wa kwanza wa mama mshonaji na baba dereva wa lori, baba ambaye alirudi safari siku ya tatu akakuta mtoto ana jina tayari na hakuna aliyemuuliza. Mama husema kwamba mtoto yule alifika kabla mkunga hajanawa mikono, na kwamba tangu siku hiyo hakuwahi kuchelewa mahali popote, sifa ambayo alijivunia hadi uzeeni na kutusumbua nayo sisi wengine kila tulipotaka kulala dakika tano zaidi.

Alianza darasa la kwanza Januari 1966, katika shule ya majengo mawili iliyokuwa nyuma ya tangi la maji, na kwa miaka mitatu ya mwanzo ripoti zake, ambazo mama amezitunza ndani ya bati la biskuti, zinaonyesha kwamba hakukosa shule hata siku moja, si kwa mvua, si kwa homa, wala si kwa kukosa viatu. Tarehe 20 Novemba 1968 nikazaliwa mimi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mama alikuwa akishona nguo wiki nzima na kuzipeleka kwenye soko la Jumatano, akiondoka asubuhi na mapema na mafurushi mawili, moja kichwani na jingine mkononi, na mtu mwenye mafurushi mawili hana mahali pa kuweka mtoto mchanga, baba yuko safarini, na majirani nao wako sokoni, kwa hiyo kuanzia Januari 1969 Dada akawa anabaki nyumbani kila Jumatano kunilea. Hakuna aliyeona kwamba ni jambo kubwa, kwa sababu siku ilikuwa moja tu kati ya tano, na mwalimu wa darasa alipoandika kwenye ripoti kwamba mtoto anakosa Jumatano, mama alijibu kwa adabu kwamba siku nne zinamtosha mtoto mwenye akili kama yule. Hali hiyo iliendelea mpaka mwisho wa mwaka 1971, nilipokuwa nimekua kiasi cha kuachwa kwa jirani, na mimi, ambaye kuhesabu makosa ndiyo kazi niliyosomea, nimezihesabu siku hizo kwenye ripoti zake nikazipata mia moja na kumi na saba. Zote alizikosa kwa ajili yangu.

Sasa naomba mnisikilize vizuri, kwa maana jambo lenyewe ni dogo sana na ndiyo sababu lilipita bila kuonekana. Mwalimu wa hesabu wakati ule alikuwa mmoja kwa shule mbili, akija kwetu Jumatatu na Jumatano, na Jumatatu ya tarehe 16 Juni 1969 alilifundisha darasa la nne kwamba sifuri ikitangulia namba haina thamani, kwamba sifuri tano ni tano tu, sifuri sifuri saba ni saba tu, na Dada akaandika kanuni hiyo kwenye daftari lake kwa mwandiko wa kupendeza, akaipigia mstari kwa rula: Sifuri ya mbele haina kazi. Jumatano ya tarehe 18 mwalimu akaanza desimali, akawaeleza kwamba ile kanuni ya juzi inavunjika pale sifuri inapofuatwa na nukta, kwamba hapo sifuri ina kazi kubwa, inakwambia kuwa hata moja nzima haijafika. Daftari la Dada halina ukurasa wa Jumatano hiyo. Lina ukurasa wa Alhamisi, aliponakili zoezi kutoka kwa jirani yake wa dawati, na kila palipokuwa na sifuri ya mbele ameifuta kwa utii, na zile nukta hakuziandika, kwa kuwa alidhani, kama alivyoniambia baadaye, kwamba ni mahali ambapo kalamu ya mwenzake ilipumzika. Majibu yote yametiwa alama ya kosa, bila maelezo, maana mwalimu siku hiyo alikuwa kwenye ile shule nyingine na madaftari aliyasahihisha kwa rundo, na Jumatatu iliyofuata darasa lilikuwa limesonga mbele. Mimi Jumatano hiyo nilikuwa na umri wa karibu miezi saba, niko mapajani pake nikitafuna ukosi wa sare yake, kwa kuwa, kwa mujibu wa mama, nilikuwa naota meno.

Alimaliza darasa la saba Novemba 1972, akafaulu vizuri kusoma na kuandika, akaanguka hesabu, hakuchaguliwa kuendelea, na akaingia sokoni na mama kuuza nguo kwa miaka iliyofuata, bila kumlaumu mtu, kwa kuwa hakujua kuna cha kulaumu. Aliamini tu kwamba hesabu na yeye haziivi. Nilipoanza shule mwaka 1976 yeye ndiye aliyenishika mkono kunipeleka, na siku moja ya mvua kubwa, mtaro wa mbele ya shule ukiwa umefurika, alinibeba mgongoni mimi mwanamume wa miaka minane mbele ya darasa zima, nikaitwa mtoto mchanga muhula mzima, na nilipolalamika aliniambia kwamba heri kuchekwa ukiwa ndani ya darasa.

Tarehe 14 Julai 1979 alifunga ndoa na shemeji yangu huyu mnayemwona ameketi kando ya jeneza, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa maneno machache, wakahamia vyumba viwili nyuma ya karakana, mtaa wa nne kutoka kwetu, na kila siku nikitoka shule nilipita kwao kwanza, kwa kisingizio cha kusalimia, kumbe nafuata chakula. Tarehe 9 Februari 1981 walijaliwa mtoto wao wa kwanza, wa kike, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, kiasi kwamba mafundi wa karakana walikuwa wanasema wao ndio wanaopaswa kulalamikia kelele.

Hili ndilo jambo la kwanza ambalo familia ilitaka niliruke. Alhamisi ya tarehe 22 Oktoba 1981 mtoto aliamka na homa na kikohozi, Dada akampeleka zahanati, akasubiri kwenye foleni ndefu, akapewa chupa ndogo ya dawa, kibomba cha plastiki cha kupimia chenye mistari mitano, na karatasi iliyoandikwa sifuri nukta tano, mara tatu kwa siku, na mhudumu, aliyekuwa na watu arobaini nyuma yake, alimwambia asome hapo. Dada alijua kusoma, alikuwa akimsomea mumewe gazeti zima kila jioni, na hakubabaika hata kidogo, wala hakuuliza, kwa sababu anayeuliza ni mwenye shaka na yeye shaka hakuwa nayo. Alijaza kibomba mpaka mstari wa tano, Alhamisi jioni, Ijumaa asubuhi na Ijumaa mchana, kwa uaminifu wote, akiangalia saa ya ukutani asipitishe muda.

Ijumaa hiyo nilitoka shule saa tisa na nusu, nikiwa darasa la sita, nikapita kwao nikamkuta mtoto amelala kitandani kimya, mama yake anafurahi kwamba hatimaye amepata usingizi, na mimi kwa kupenda kujionyesha nikaichukua ile karatasi mezani nikaisoma kwa sauti, sifuri nukta tano, yaani nusu, kisha nikauliza kwa nini chupa imekaribia kuisha. Dada akanijibu, kama mtu anayemkumbusha mtoto kitu kinachojulikana na kila mtu, "Sifuri ya mbele haina kazi." Nikamwambia kwamba ikifuatwa na nukta ina kazi, mwalimu katufundisha. Alinitazama, akaitazama karatasi, akamnyanyua mtoto, akakimbia bila viatu, na mtoto wetu akafariki hospitali saa kumi na moja jioni, akiwa na umri wa miezi minane na siku kumi na nne.

Shemeji yangu alikaa nje ya karakana mpaka watu wote wakaondoka, wapo waliokuwa wakimnong'oneza kwamba mwanamke kama huyo hafai kuachiwa mtoto, naye akasema neno moja ambalo tangu siku hiyo limemfanya kuwa ndugu yangu wa damu, alisema, "Hata mimi ningejaza hivyo hivyo." Hakulizungumzia tena katika miaka arobaini na mitatu iliyofuata.

Dada hakulia mbele ya watu, na kwa miezi mingi alikuwa akifanya kazi za nyumbani kama mtu anayetekeleza amri, hadi siku moja ya mwaka 1983 aliponiomba madaftari yangu ya hesabu, ya darasa la nne hadi la saba, akayafungua juu ya meza ileile, akaanza kuyafanya mazoezi yote tangu mwanzo, akinitaka nimsahihishe. Ilimchukua miezi mitano. Alipofika ukurasa wa desimali alikaa nao wiki nzima ingawa alikuwa ameuelewa siku ya kwanza, ndipo akaniambia kuhusu ile Jumatatu na ile Jumatano, akanionyesha daftari lake la zamani, na mimi nikiwa kijana wa miaka kumi na minne nikajua kwa nini niliweza kusoma nukta ile na yeye hakuweza. Hakunilaumu. Ningependa kusema kwamba hilo lilinifariji.

Walijaliwa watoto wengine wawili, wa kiume aliyezaliwa tarehe 30 Mei 1984, ambaye ni fundi umeme, na wa kike aliyezaliwa tarehe 11 Septemba 1988, ambaye ni muuguzi, na huyu wa kike huandika kila dozi kwa maneno na si kwa tarakimu, wenzake kazini humtania kwamba anawaandikia wagonjwa barua za mapenzi, na yeye hucheka nao na kuendelea kuandika. Wote wawili walimaliza shule bila kukosa siku, na mkubwa anakumbuka alivyopelekwa shuleni asubuhi moja akiwa amechanwa nywele na kupakwa mafuta, wakakuta geti limefungwa kwa sababu ilikuwa sikukuu, na mama yake akasimama pale nusu saa, kwa tahadhari.

Tarehe 6 Januari 1986 aliajiriwa kuwa mhudumu katika shule ileile aliyosoma, kazi yake ikiwa kufagia ofisi, kuchemsha chai ya walimu na kupiga kengele, na ni katika kufuta vumbi mezani ndipo alipoanza kufunua madaftari ya mahudhurio, akaona kwamba darasa la nne lenye watoto hamsini na mmoja lilikuwa na watoto thelathini na watatu kila Jumatano. Aliuliza, akaambiwa ni soko, tumeshazoea. Jumatano iliyofuata alipiga kengele ya pili, akavua aproni, akatoka getini, akaenda nyumba hadi nyumba akigonga milango na kuuliza mtoto yuko wapi.

Hakupokewa kwa mikono miwili. Alimwagiwa maji machafu miguuni, aliitwa askari asiye na mshahara, na mama mmoja muuza mkaa alimuuliza ana watoto wangapi hata aje kumfundisha kulea wa kwake, naye akajibu kwamba anao watatu, jibu alilolitoa maisha yake yote, hata kwenye fomu za serikali. Watoto ndio waliompa jina la Mama Jumatano, kwanza kwa kumzomea, wakijificha nyuma ya matangi, baadaye likawa jina lake kabisa, na wengi wenu mliopo hapa mlikuwa hamjui mpaka leo kwamba yeye alilisikia kwa namna nyingine.

Aligundua upesi kwamba kugonga milango hakutoshi, kwa sababu nyuma ya kila mtoto aliyebaki nyumbani kulikuwa na mtoto mchanga, na mchanga huyo haendi popote hata mkigombana mpaka jioni. Tarehe 7 Februari 1990, Jumatano, alimwomba mwalimu mkuu wa wakati ule chumba cha stoo, akatoa mafagio na maboksi ya chaki, akatandika mikeka, akawaambia kina mama wamletee wachanga wao asubuhi wakienda sokoni ili wakubwa waingie darasani. Siku ya kwanza aliletewa wanne, kufikia mwisho wa mwaka walikuwa kumi na saba, stoo ikinuka maziwa na mikojo, kilio kikisikika mpaka darasa la saba, na mkaguzi alipokuja mwaka 1993 akauliza hawa nao wanasoma darasa gani, mwalimu mkuu alimjibu bila kutabasamu kwamba ni darasa la awali kabisa. Mkaguzi aliandika hivyo kwenye ripoti yake.

Sisemi kwamba aliwapata wote, kwa kuwa angekuwepo angenikata kauli. Wapo aliowafuata mwaka mzima bila kuwapata, yupo msichana mmoja wa darasa la tano aliyemfuata Jumatano tisa mfululizo, ya kumi akakuta chumba kitupu, familia imehama na hakuna jirani anayejua ilikokwenda, na miaka mingi baadaye, tukiwa tunazungumza mambo mengine kabisa, angesimama ghafla na kusema, sijui yule mtoto aliishia wapi. Alistaafu tarehe 5 Machi 2018, akapewa saa ya ukutani na cheti, hotuba zikasomwa, tukampongeza kwa mapumziko, na keshokutwa yake, ikiwa Jumatano, alikuwa stoo saa moja asubuhi amebeba mchanga wa watu begani.

Nakuja kwenye ugonjwa, na kwenye jambo la pili lililotakiwa kuondolewa, ambalo ni langu mimi. Alibainika kuwa na kisukari Agosti 2017, akatumia dawa kwa nidhamu, akisoma kila karatasi mara tatu, na Machi 2024 kiatu kikamchubua chini ya mguu wa kushoto, mchubuko ukawa kidonda, na hospitali ikampangia kliniki ya kusafisha kidonda na kuonana na daktari kila wiki kuanzia tarehe 10 Aprili. Daktari wa vidonda alikuwa mmoja kwa hospitali mbili, na hospitali yetu alikuja Jumatano peke yake. Dada aliomba siku nyingine, akaambiwa hakuna.

Jumapili ya tarehe 7 Aprili 2024 alikuja kwangu akichechemea, nikiwa nimestaafu miezi mitano iliyopita, nimekaa barazani nasoma gazeti na kuwatafutia makosa wenzangu wa zamani, akakaa, akanywa maji, akaniambia habari za kliniki, kisha akasema, "Nishikie Jumatano, mdogo wangu, mpaka kidonda kifunge." Nilicheka. Nilimuuliza kama kweli anataka nikamalizie uzee wangu kwa kuwabadilisha wachanga nepi ndani ya stoo, nikamwambia awaambie kina mama wajipange kwa zamu, au stoo ifungwe kwa muda, kwa kuwa dunia haitasimama kwa Jumatano chache. Naye akacheka kidogo, akasema sawa, akaomba nimsindikize hadi njia panda. Alinishikia Jumatano mia moja na kumi na saba bila kuombwa, akaniomba chache tu, nikamnyima.

Tangu hapo kila Jumatano jioni nilimpigia simu kumuuliza kama ameenda, naye akijibu kwamba ameenda, na kwa kweli hakusema uongo, alikuwa ameenda, ila si hospitali. Kadi yake ya kliniki niliipata ndani ya mkoba wake mwezi uliopita, nikaisoma nilivyozoea kusoma, mstari kwa mstari. Kati ya Jumatano ishirini na tano, kuanzia tarehe 10 Aprili hadi tarehe 25 Septemba, saba zimetiwa tiki, na zote saba ni za likizo, shule ikiwa imefungwa, na kumi na nane zilizobaki zimegongwa muhuri wa bluu wenye neno moja, Hakuhudhuria. Huyu ndiye mwanamke aliyegonga milango ya watu kwa miaka thelathini na minane kuuliza kwa nini mtoto hakuhudhuria, na mlango wake hakuna aliyeugonga, hata mimi ninayekaa mtaa wa pili.

Alilazwa tarehe 30 Septemba 2024, kidonda kikiwa kimefika mfupani, akakatwa mguu chini ya goti tarehe 4 Oktoba, akapata nafuu ya wiki mbili, akawa anawauliza wauguzi kama watoto wao wako shule, kisha sumu ikaingia kwenye damu. Siku ya mwisho aliyozungumza vizuri aliniambia kwamba akisomewa historia yake tusimpambe, tuseme kuhusu sifuri, ili angalau mzazi mmoja asikie, na kuhusu Jumatano zangu hakusema lolote. Alifariki Jumapili ya tarehe 10 Novemba 2024, saa mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, miezi minane na siku tano, ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wanne, mama mzazi na mdogo wake.

Mama, najua umeinamisha kichwa. Ulikuwa na mafurushi mawili na mikono miwili, na hakuna mtu mahali hapa anayeweza kukuonyesha mkono wa tatu uliopaswa kuwa nao, Dada mwenyewe hakuwahi kuuona, ndiyo sababu alikwenda kuwa mkono huo kwa wanawake wengine.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya upasuaji, ambao walimhudumia kama mama yao, na kwa namna ya pekee mwandikishaji wa kliniki ya vidonda, aliyempigia simu mara tatu kumkumbusha siku yake na kila mara akaambiwa kwa upole wiki ijayo, tunawashukuru majirani waliopika, waliobeba viti na waliolala na mama, tunawashukuru walimu na wahudumu wa shule waliokuwa wenzake kazini, na tunawaomba wale ambao sikuwataja wasihesabu kwamba nimewafuta.

Limebaki jambo moja ambalo halikuwa kwenye rasimu iliyosomwa juzi, maana nimelijua jana. Tulipopanga siku ya mazishi tuliangalia nafasi ya makaburi na safari za ndugu wa mbali, hatukuangalia kalenda kwa macho yake, na leo, tarehe 13 Novemba, ni Jumatano. Mwalimu mkuu, kwa nia njema kabisa, amewaleta watoto arobaini na watatu wa darasa la nne waje kumuaga, nawaona wamesimama kule nyuma na sare zao, wametulia kuliko sisi watu wazima, na namshukuru, lakini namwomba, kwa niaba ya aliyelala humu, awarudishe sasa hivi, msisubiri jeneza, kwa kuwa ni saa nne na dakika kumi, shule iko mwendo wa robo saa, na nimeuliza nikaambiwa kwamba saa nne na dakika arobaini mna kipindi cha hesabu. Tokeni polepole, msikimbie barabarani, sisi tutawasubiri mpaka wa mwisho avuke geti, ndipo tuendelee. Na kina mama ambao wachanga wenu wamebaki nyumbani leo na wakubwa wao kwa kuwa stoo imefungwa, ufunguo wa stoo ninao mimi, uko mfukoni mwangu tangu Jumapili, nikitoka makaburini nakwenda kuifungua, na Jumatano ijayo itakuwa wazi saa moja kamili. Nimechelewa Jumatano kumi na nane, na hakuna muhuri wa kulifuta hilo.

Pumzika sasa, Dada, pumzika kwa amani na mwanao wa kwanza, leo usiamke mapema, Jumatano hii nakushikia mimi.